GARI LA DIZELI LINAPOKATAA KUWAKA ASUBUHI

Somo letu la leo ni juu ya injini ya dizeli, na hasa juu ya ugonjwa wake mmoja, yaani kukataa kuwaka asubuhi wakati wa baridi. Nitasema polepole ili kila mtu afuate. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: betri, upepo, moshi, joto, daftari. Tutakutana nayo yote kabla ya kuagana.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Linakuhusu sana, ndugu yangu. Mtu wa Njombe au wa Makete ambaye hana hata baiskeli huenda akaamshwa usiku na mgonjwa ndani ya nyumba, naye hana tegemeo jingine ila pikapu ya jirani. Mama anayeuza viazi hutegemea lori liondoke mapema. Gari likikataa kuwaka saa 11 alfajiri, anayechelewa si dereva peke yake. Tena mwenye gari akinunua vipuri kwa kubahatisha, leo betri, kesho stata, kesho kutwa pampu, gharama ile haimezwi na yeye tu. Huonekana katika nauli.

Basi neno langu la leo ni moja. Injini isiyotaka kuwaka haikai kimya, bali husema. Kabla hujashika spana, iulize maswali matatu, tena kwa utaratibu huu: Inazunguka namna gani? Inatoa moshi katika bomba la nyuma? Kama inatoa, moshi huo ni wa rangi gani? Maswali haya hayagharimu hata senti moja, na majibu yake yatakuonyesha kama ugonjwa uko katika umeme, katika mafuta, au katika joto.

Lakini hatuwezi kuelewa majibu ya injini kama hatujui namna inavyowaka. Tuanzie hapo.

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani aliyeibuni, Rudolf Diesel, alitaka injini inayowaka kwa nguvu ya hewa iliyobanwa tu, na mnamo mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg. Hewa iliyobanwa inawezaje kuwasha moto? Nanyi mmekwisha kuiona kazi hiyo, ila labda hamkuitilia maanani. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha pampu kwa haraka mara kumi au kumi na tano. Gusa chini ya pampu. Ina joto, sivyo? Joto hilo halikutoka katika mkono wako. Limetokana na hewa kubanwa.

Ndani ya injini ya dizeli pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka iingie katika nafasi ndogo sana. Hewa iliyojaa ndoo 20 hubanwa ikaingia katika ndoo moja. Katika injini nyingine ni 16 kwa moja, na nyingine hufika 22 kwa moja. Injini ikiwa na moto wake, hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za sentigredi. Wakati huo huo nozeli hurusha dizeli ndani kwa nguvu kama ukungu mwembamba, na ukungu ule ukikutana na hewa ile kali huwaka wenyewe. Hiyo ndiyo siri yote ya dizeli. Hakuna joto, hakuna moto.

Sasa fikirini asubuhi ya mwezi wa saba huko juu. Hewa ni ya nyuzi 5, na huko Kitulo nyasi zimepigwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Chuma chote cha injini ni baridi, na kila joto linalopatikana kwa kuibana hewa hunyang'anywa na chuma kile. Hewa iliyoanza na baridi humaliza na baridi zaidi kuliko mnavyodhani, kwa maana upungufu wa nyuzi 20 kabla ya kubanwa huwa upungufu wa nyuzi zaidi ya 40 baada ya kubanwa. Tena kuna jambo la pili ambalo madereva wengi hawalijui. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Katika kila silinda mna hewa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko iliyoko pwani. Ndiyo sababu lori linalowaka mara moja bandarini Dar es Salaam huweza kufika Njombe, likalala usiku mmoja, na asubuhi likagoma. Halikurogwa. Ugonjwa lilikuwa nao tangu pwani, ila pwani joto liliuficha.

Haya, sasa tuulize swali la kwanza. Injini inazunguka namna gani?

Injini ya dizeli haiwezi kuwaka kama inazungushwa kichovu. Hewa ikibanwa polepole hupata nafasi ya kupenya kando ya pistoni, na joto lake hupotea katika chuma. Kwa hiyo sikiliza. Mlio wa kila siku unaujua. Ukisikia injini inajikokota kama mzee apandaye mlima, usimguse fundi wa pampu wala wa nozeli. Ugonjwa uko katika betri, au katika nyaya zake, au katika stata, au katika oili.

Washa taa kubwa za mbele, kisha mwambie mwenzako apige stata nawe utazame taa. Taa zikififia mpaka karibu kuzimika, betri imechoka au nyaya zake hazishiki vizuri. Taa zikibaki na mwanga wake wote na injini isizunguke hata kidogo, umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu. Jaribio hili ni la kale sana na mimi sijaona la kulishinda kwa mtu asiye na vifaa. Mwenye mita ya volti apime pia. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0, imekaribia kwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.5 hivi. Malori mengi yana betri mbili zilizofungwa pamoja kutoa volti 24, na hapo pimeni kila betri peke yake, kwa maana betri moja mbovu huivuta chini iliyo nzima.

Kumbukeni kwamba betri nayo huona baridi. Katika nyuzi 0 huweza kupoteza theluthi ya nguvu zake, na ni saa ile ile injini inapotaka nguvu nyingi zaidi. Lakini kabla hujaenda dukani kununua betri mpya, tazama vichwa vyake. Je, pana unga mweupe au wa kijani? Legeza, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Fuata waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chasisi, na chasisi na injini. Mara nyingi ncha yake imekaa juu ya kutu. Baada ya kupiga stata, pitisha mkono juu ya nyaya nene. Mahali penye joto ndipo umeme unapozuiwa. Wenye gari wengi wamenunua betri ambayo hawakuihitaji kwa sababu ya kijiko kimoja cha kutu. Angalizo: betri hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo usiisogelee na sigara wala kibatari.

Na stata isipigwe bila kikomo. Piga kwa sekunde 10 au 15, kisha acha dakika moja au mbili ipoe. Anayeishikilia kwa dakika nzima huiunguza stata na kuimaliza betri kwa pamoja, na sasa ana magonjwa mawili mapya juu ya lile la kwanza.

Kuhusu oili nitasema kwa kifupi, na hapa kusoma kwenu kutawafaa. Tazameni kopo la oili. Mtaona maandishi kama 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha oili itakavyokuwa wakati wa baridi: namba ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi asubuhi. Namba ya mwisho huonyesha itakavyokuwa injini ikipata moto. Kopo lenye namba moja tu bila W, kwa mfano 50, lina oili ambayo asubuhi ya baridi huwa nzito kama asali. Pistoni zikizama katika asali, betri gani itazizungusha? Lakini msibadili kwa kufuata maneno yangu ya redioni. Someni kitabu cha gari, maana kimeandika oili inayotakiwa.

Sasa tuseme injini inazunguka vizuri, kwa haraka, na bado haiwaki. Twende swali la pili. Mwenzako apige stata, nawe simama nyuma utazame mdomo wa bomba la moshi. Kuna moshi, au hakuna?

Kama hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki ndani ya silinda. Hiyo ni habari kubwa, tena ni habari njema, kwa sababu imekuondolea mashaka ya nusu ya injini. Usipoteze saa kwenye plagi wala pistoni. Fuata mafuta tangu tangi mpaka nozeli.

Anza na mambo mepesi ambayo watu huona haya kuyatazama. Tangi lina mafuta? Katika magari ya zamani yanayozimwa kwa kuvuta kamba, kamba hiyo imerudishwa ndani? Katika yale yanayozimwa kwa ufunguo, mara nyingi juu ya pampu kubwa ya dizeli pana kizibo kidogo cha umeme. Fungua ufunguo bila kupiga stata. Utasikia kinalia "tik". Kisipolia, tazama kama waya wake umechomoka.

Baada ya hapo shika pampu ya mkono, ile iliyo juu ya chujio la dizeli, au filta kama mafundi wasemavyo. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa maana katika magari yaliyozeeka hili ndilo jambo ambalo huwapotezea watu fedha nyingi.

Pampu dizeli kwa mkono. Je, pampu ni ngumu tangu mara ya kwanza? Vizuri, mafuta yamo. Lakini ikiwa ni laini, inabonyea bonyea bila kukaza, na baada ya kubonyeza mara 20 au 30 ndipo inakuwa ngumu, na mara injini ikawaka, basi umekwisha mpata mwizi. Usiku mafuta yamerudi yenyewe tangini na upepo umeshika nafasi yake katika paipu. Dizeli haibonyei, lakini upepo hubonyea. Pampu kubwa ikisukuma upepo, nozeli haifunguki, na hakuna kinachoingia silindani.

Upepo huo uliingiaje? Kwa tundu dogo sana ambalo halidondoshi hata tone moja mchana. Ndiyo maana dereva huapa kwamba gari lake halivuji. Mchana injini inavuta mafuta mbele na tundu halionekani. Usiku gari limesimama, mafuta yana uzito, yanateremka kuelekea tangini, na tundu lile hunyonya upepo. Tazameni mpira wa duara unaokaa chini ya filta, hasa kama filta imebadilishwa karibuni. Tazameni washa za shaba kwenye viungo, mipira midogo inayorudisha mafuta kutoka kwenye nozeli, na kiwambo cha mpira ndani ya pampu ya mkono yenyewe. Fundi mwenye akili hufunga kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu kubwa, ili aone mapovu kwa macho yake.

Iko njia nyingine ya kupima ambayo haihitaji hata spana. Katika pikapu nyingi tangi liko nyuma na injini iko mbele. Jioni moja liegeshe gari kwenye mteremko, pua ikiwa chini, breki ya mkono imefungwa na mawe mbele ya magurudumu. Sasa tangi liko juu kuliko injini, na mafuta hayawezi kurudi. Gari lililokuwa likikataa kila asubuhi uwanjani likiwaka mara moja hapo kwenye mteremko, umepata ushahidi wa kutosha kwamba upepo unaingia. Kama linakataa vile vile, tafuta ugonjwa mwingine.

Kadhalika maji. Tangi lililobaki nusu usiku wa baridi hutoa jasho kwa ndani, na dizeli ya mapipa huja na maji yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Chini ya filta nyingi pana skrubu ya kuyatolea. Weka chupa safi, fungua, acha yatiririke kidogo, kisha acha chupa itulie. Maji yatajitenga chini nanyi mtayaona. Dereva anayejaza tangi jioni badala ya asubuhi huzuia sehemu kubwa ya jasho hilo.

Neno la hatari. Katika injini za zamani fundi hulegeza nati za paipu kwenye nozeli ili upepo utoke. Katika injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, zenye paipu moja nene inayogawa mafuta kwa nozeli zote, usilegeze kitu hapo kamwe. Nguvu ya mafuta ndani yake hupita mara elfu moja ya nguvu ya hewa inayotuzunguka. Mchirizi mwembamba kama sindano hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu huweza kukatwa mkono kwa sababu hiyo. Hata katika injini za zamani usiweke kidole mbele ya nozeli. Aliyechomwa na mafuta namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama tundu ni dogo na haliumi.

Tumefika swali la tatu. Injini inazunguka vizuri, na moshi unatoka. Ni wa rangi gani?

Moshi mweupe, unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, maana yake ni kwamba mafuta yanafika lakini hayawaki. Yanaingia kama ukungu na kutoka kama ukungu. Kinachokosekana ni joto. Huu ndio ugonjwa wenyewe wa baridi.

Magari mengi ya dizeli yaliyo madogo, kama Hilux za zamani na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, yana plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Kila silinda ina plagi yake. Ncha yake huwa nyekundu kama kaa la moto ili kuisaidia hewa ya asubuhi. Unapofungua ufunguo, taa ya manjano yenye alama ya waya uliojisokota huwaka katika dashibodi. Taa hiyo inasema: ngoja! Na hapa ndipo ninapowalaumu madereva, kwa maana wako wengi wanaozungusha ufunguo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja kana kwamba taa ile ni pambo. Ngoja izimike. Asubuhi ya baridi kali, ikizimika, rudisha ufunguo, fungua tena, ngoja mara ya pili, ndipo upige stata. Kama gari limewaka vizuri kwa kungoja mara mbili, umejifunza kwamba lilihitaji joto zaidi, na hujatoa senti.

Plagi moja ikifa katika injini ya silinda 4, injini huwaka lakini hutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja hivi, kisha hutulia. Zikifa mbili au tatu, hapo ndipo hukataa kabisa. Kuzipima si kazi kubwa. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha. Funga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye upande wa chanya wa betri, na ncha ya pili gusisha kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, plagi ni nzima. Isipowaka, plagi imekufa. Usiunganishe plagi moja kwa moja na betri, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa volti chache na huungua. Plagi zote zikiwa nzima, tazama kama umeme unazifikia. Huenda fyuzi au rilei imekufa, nayo ni rahisi kuliko plagi 4. Na fundi anayezifungua azifungue injini ikiwa na vuguvugu, taratibu, kwa maana zikikatikia ndani ni kazi ya kufungua kichwa cha injini.

Malori mengi makubwa hayana plagi hizi. Mengine yana kipasha hewa kwenye njia ya kuingizia hewa, na mengine hutegemea kubanwa kwa hewa peke yake. Kwa hayo, na hata kwa gari dogo ambalo plagi zake ni nzima, moshi mweupe usiokwisha hutuambia kwamba pengine hewa haibanwi vya kutosha. Ringi za pistoni zimelika, au valvu hazifungi. Ishara yake ni kwamba gari ni gumu asubuhi tu, lakini likipata moto huwaka kwa kuguswa. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukipumua kwa nguvu mahali hapo, hewa inapita kando ya pistoni. Hapo ndipo umlipe fundi apime kila silinda kwa mita yake. Injini nyingi zilizo nzima huonyesha kilo 30 hivi kwa kila sentimita mraba, lakini kiasi kamili kimeandikwa katika kitabu cha gari, nacho ndicho cha kufuata. Muulize fundi namba, naye akuandikie. Fundi asiyekubali kuandika namba sikuamuru umwache, lakini mimi ningemwacha.

Rangi nyingine nitazipitia upesi. Moshi mweupe wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua kila siku bila kuvuja, ni maji kuingia silindani. Usiendeshe, mwone fundi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi na hewa haba. Tazama filta ya hewa, huenda imejaa vumbi la barabara.

Kabla sijafika mwisho, nataka kusema juu ya mambo matatu ambayo hufanyika kila msimu wa baridi. La kwanza ni kuwasha moto chini ya tangi au chini ya injini. Najua hufanyika, na najua wako watakaoniambia kwamba baba zao walifanya hivyo miaka 20 bila kuungua. Chini ya injini ya zamani pana oili, dizeli iliyodondoka na nyaya zilizochubuka. Moto ule hauchagui. Utingo anayetumwa kupuliza makaa ndiye aliye chini ya gari. La pili ni dawa ya kupuliza, ile etha ya makopo inayopuliziwa katika njia ya hewa. Katika injini yenye hita plagi, dawa hiyo hukutana na ncha nyekundu na kulipuka kabla pistoni haijafika juu; huvunja ringi, hupinda vyuma, na huweza kumrudia mtu usoni. La tatu ni kuliachia gari mteremkoni ili liwake kwa kusukumwa. Injini ikiwa imezimika, breki hukosa msaada wake na usukani huwa mzito. Kilima cha Njombe si mahali pa kugundua jambo hilo, hasa kama nyuma wamepanda abiria.

Sasa neno letu la tano: daftari. Ninyi mmejifunza kuandika. Mwenye gari au dereva awe na daftari la bei ndogo katika gari, na kila asubuhi aandike mistari michache: tarehe, baridi ilikuwaje, injini ilizunguka namna gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, na ilichukua sekunde ngapi kuwaka. Mkienda gereji mkisema "gari halitaki kuwaka," fundi ana njia kumi za kuanzia, na zote ni kwa fedha zenu. Mkimfungulia daftari la siku saba, ana njia moja au mbili.

Tufanye zoezi. Mwalimu, tafadhali mwambie mwanafunzi mmoja asome kwa sauti maandishi haya ya dereva wa pikapu:

"Jumatatu. Baridi kali. Gari lililala uwanjani. Injini ilizunguka upesi. Hakuna moshi. Nilibonyeza pampu ya mkono mara 30, ikawaka. Mchana iliwaka bila taabu."

"Jumanne. Baridi kali. Gari lililala mteremkoni, pua chini. Iliwaka mara moja."

"Jumatano. Baridi kali. Gari lililala uwanjani. Ilizunguka upesi. Hakuna moshi. Pampu ya mkono mara 30, ikawaka."

Fundi amemwambia dereva huyo anunue hita plagi zote 4 na betri mpya. Je, ninyi mngekubali? Zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike katika daftari lake mahali ambapo angeanza kutazama, na sababu yake, kwa sentensi mbili au tatu. Tutasahihisha pamoja katika kipindi kijacho. Kwaherini, ndugu zangu.